Usitumbukize Bumu Kwenye Kimeo

Bumu likiingia, kila mtu hapa chuoni anageuka mchumi. Huyu anapiga hesabu ya simu mpya, yule anataka kumaliza deni la mama ntilie, na siku hizi kuna kundi la tatu: wanaotaka kununua mashine ya gemu. Wapo wanaoitaka ya gheto. Wapo wenye mchongo: wanainunua, wanaituma nyumbani, dogo anafungua kibanda, mechi moja mia tano, hela inarudi yenyewe.

Mimi nilikuwa kwenye kundi la mchongo. Naandika kwa sababu hela haikurudi, na pia kwa sababu nimesikia serikali yetu ya wanafunzi nayo inafikiria kununua mashine mbili kwa ajili ya ukumbi wa mapumziko. Kabla hawajatoa hiyo hela, ambayo ni michango yetu, naomba wanisikilize mimi niliyekwisha kuungua.

Hoja yangu ni hii. Ubishi wetu wa PlayStation, Xbox na Nintendo tunaubisha vibaya. Tunashindanisha picha, kasi na ukubwa wa hadi diski, halafu anayepiga kelele zaidi anashinda. Swali la maana hatuulizi: ikiharibika, nani ataifungua, kwa vifaa gani na kwa shilingi ngapi? Kwa mtu wa pwani ya kusini, mashine ambayo fundi wa mtaani hawezi kuifungua ni kimeo, hata kama imetoka kiwandani jana.

Kibanda cha Masoko

Kwetu ni Kilwa Masoko. Kwa asiyepajua: unapanda basi la kusini kutoka Dar, unavuka Mto Rufiji, unapita Somanga, unafika Nangurukuru. Pale barabara kuu inaendelea Lindi na Mtwara, wewe unakata kushoto kufuata bahari. Ni kama kilomita 300 hivi. Naomba uushike umbali huo kichwani, tutauhitaji.

Matokeo ya kidato cha nne ya Januari 2024 hayakumbeba mdogo wangu. Mama alitaka aingie kwenye mashua na mjomba wetu. Mimi, msomi wa mwaka wa pili, nikasema hapana, dogo atakuwa mfanyabiashara. Nikachukua bumu, nikaongeza na hela niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, nikanunua mashine ya kisasa iliyotumika. Jina lake naliweka kapuni, maana kosa kubwa lilikuwa langu na si la kiwanda. Muhula ule nilikula wali maharage kwa mkopo mpaka mama ntilie akaanza kuniita "mwanangu wa hiari".

Masoko tayari palikuwa na kibanda cha zamani. Mwenyewe ni mzee mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita babu, na ana PS2 mbili ambazo nilizikuta nikiwa darasa la tatu. Dogo aliniambia, "Kaka, yule babu tunamfunga asubuhi tu." Na kweli, wiki mbili za kwanza foleni ilihamia kwetu. Watoto walitaka nyasi zinazoonekana kama nyasi.

Wiki ya tatu, usiku, umeme ulikatika katikati ya mechi. Uliporudi ulirudi na nguvu zake zote. Televisheni ikapona. Mashine ikawaka taa, ikavuma feni, ikakataa kutoa picha. Asubuhi dogo akaibeba kwa fundi wa redio na simu.

"Shikamoo mjomba. Mashine haitoi picha."

"Marahaba. Hebu." Fundi akaigeuza tumbo juu. "Hizi skrubu bisibisi yake sina. Nikipata bisibisi, chipu ya picha sina. Nikipata chipu, mashine ya kupulizia hewa ya moto sina. Mrudishie kaka yako Dar."

Sentensi tatu za "sina". Nimekaa kwenye lekcha nyingi za uchumi, lakini hakuna iliyonieleza maana ya gharama kama hizo tatu.

Ikaja Dar kwa basi, ndani ya boksi la biskuti. Kariakoo wakaitengeneza kwa robo ya bei niliyoinunulia. Nilipotaka kuirudisha, ikawa Mei 2024 mwanzoni. Wenye kumbukumbu mnajua kilichotokea: kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu Mei 4, mvua ikashuka ya kutisha, na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika sehemu kadhaa ndani ya Kilwa, Somanga ikiwemo. Boksi la biskuti likalala chini ya kitanda changu. Barabara ilipopitika nikalituma. Likafika likiwa limefutwa kila kitu, linataka kuingizwa akaunti na kushusha gemu upya. Na Mei 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika. Tanzania nzima ikawa inavuta intaneti kwa kijiko. Dogo alikaa na bando lake akitazama mstari usiojaa.

Mashine ilikuja kufanya kazi siku ishirini na kidogo. Mwezi wa sita umeme ukarudi tena kwa nguvu. Stabilaiza hatukuwa nayo, hela yake niliiweka kwenye pedi ya pili. Safari hii haikuwaka hata taa.

Sasa sikia upande wa babu. Usiku ule wa kwanza umeme ulimpiga na yeye pia. Adapta moja ya PS2 ilikufa. Asubuhi akavuta droo, akatoa adapta nyingine, akachomeka, akaendelea. Ndani ya ile droo mna majicho ya kusomea CD, vijiti vya pedi, feni na mikanda ya waya iliyotolewa kwenye mashine zilizokwisha kufa. Foleni ikarudi kwake.

Kila kampuni ina kidonda chake

Nilipomaliza kulia nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni kwamba hakuna kampuni safi. Anayekwambia "hii haiharibiki" ama ni muuzaji ama hajakaa nayo.

Nintendo walipopeleka NES Marekani mwaka 1985, waliiunda ifanane na deki ya video ili wazazi waipende. Kaseti iliingizwa kwa mbele halafu inabonyezwa chini. Pini za ndani zikawa zinalegea na kuchafuka, gemu haliwaki. Dunia nzima ikajifunza kupuliza kaseti kwa mdomo, na wengine wetu tulifanya hivyo hivyo kwa zile mashine za kuiga zilizofika huku. Kumbe pumzi ina unyevu, na unyevu unakula chuma. Tulikuwa tunajitibu kwa sumu.

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994. Matoleo ya mwanzo yaliweka jicho la kusomea CD karibu na sehemu ya umeme inayochemka, na reli ya jicho ilikuwa ya plastiki. Reli ikilika, jicho linaning'inia. Dawa ya mtaani ikawa kuigeuza mashine miguu juu ndipo isome.

PS2 ya Machi 2000, hiyo ya babu, nayo si malaika. Majicho ya matoleo ya awali yaligoma kusoma diski kiasi kwamba Marekani wateja walifungua shauri. Ilipokuja ile nyembamba ya 2004, adapta zake zilipata joto kupita kiasi, na Septemba 2005 Sony ikaziita zirudishwe kama milioni 3.5. Pamoja na hayo yote, iliuzwa zaidi ya milioni 155, na gemu lake rasmi la mwisho, PES 2014, lilitoka Novemba 2013, mashine ikiwa na miaka 13.

Kisha kuna msiba mkubwa kuliko yote: Xbox 360 ya Novemba 2005. Taa tatu nyekundu zinawaka mbele na mashine imekwenda. Zilikufa nyingi mno, hata Julai 2007 Microsoft wakaongeza dhamana ya kasoro hiyo kuwa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo. Katika filamu yao wenyewe ya mwaka 2021 kuhusu historia ya Xbox walieleza chanzo: viungio vya ndani vilikatika kwa sababu ya joto kupanda na kushuka. Unawasha, inachemka, unazima, inapoa, kesho tena. Kitu kinachotanuka na kusinyaa kila siku mwisho wake kinapasuka. Watu wakawa wanaifunga mashine kwa taulo ichemke hadi iwake, kisha wanashangaa ikifa moja kwa moja wiki inayofuata.

Nintendo Switch ya 2017 ilikuja na pedi za Joy-Con ambazo kijiti chake kinaanza kusogea chenyewe. Umeweka mkono chini, mchezaji wako anatembea. Ndani ya kijiti kuna kipande kinachosugua juu ya utando mwembamba. Utando ukilika, mashine inadhani unasukuma. Juni 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu huo. Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwepo zamani. Pedi ya Dreamcast ya Sega, mashine ya 1998, ilitumia sumaku badala ya kusugua, na sumaku hailiki. Sega wakaacha kutengeneza mashine mwaka 2001, na wakubwa waliobaki wakaendelea na vijiti vinavyosugua.

PS4 ya 2013 ilikuwa na jambo la ajabu zaidi. Ndani yake kuna betri ndogo kama ya saa. Iligundulika kwamba betri hiyo ikifa, na mashine ikashindwa kuwasiliana na mtandao wa Sony, hata diski uliyoinunua kihalali haichezi. Mashine nzima inasubiri ruhusa kwa sababu ya kibetri. Sony walirekebisha kwa programu mpya ya Septemba 2021, na kwa hilo wapewe haki yao. Ila mwaka 2023 walitoa PS5 yenye kisomea diski cha kuchomoa na kuchomeka, na ukikifunga mara ya kwanza lazima mashine iunganishwe kwenye intaneti ndipo ikikubali.

Vidonda vya aina tatu

Ukivipanga vidonda hivi utaona ni vya aina tatu, na hapa ndipo naomba serikali ya wanafunzi wasome taratibu.

Aina ya kwanza ni vya kuchakaa. Kitu kinachosogea kitalika: jicho, reli, kijiti, pini. Hivi vinaudhi, lakini ni vya kiungwana. Fundi anafungua, anaona kilicholika, anabadilisha. Droo ya babu imejaa dawa za aina hii.

Aina ya pili ni vya joto. Viungio vimepasuka chini ya chipu, huvioni kwa macho, na kuvitengeneza kunahitaji mashine za gharama na mkono uliofundishwa. Kariakoo wapo wanaoweza. Masoko, Kivinje na hata Lindi mjini utatafuta sana.

Aina ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kifaa kizima kina afya na bado hakifanyi kazi: kisomea diski kinachotaka ruhusa, akaunti inayotaka intaneti, skrubu ambayo bisibisi yake haiuzwi dukani. Ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini, na fundi hata awe hodari vipi hana jicho la kubadilisha hapo.

Sasa angalia mwelekeo. Kadiri miaka inavyosogea, mashine zinatoka kwenye vidonda vya aina ya kwanza kwenda vya aina ya tatu. Kwa mtu wa Tokyo au London huenda hayo ni maendeleo, maana intaneti ipo muda wote na dhamana inaanza dukani. Kwa mtu wa Nangurukuru, kila hatua ya "maendeleo" hayo inampeleka mbali zaidi na mtu anayeweza kumsaidia.

Adui wa pwani

Kuna jambo jingine ambalo mabishano yetu ya kantini hayaligusi. Mashine haiishi kwenye karatasi ya sifa zake, inaishi mahali. Na pwani ya Kilwa na Lindi ni mahali pagumu kwa chuma. Bati jipya la nyumba iliyo karibu na bahari linaanza kutoa kutu kabla mwenye nyumba hajamaliza deni la hilo bati. Upepo huo huo wa chumvi unavutwa na feni ya mashine, unapitishwa juu ya bodi mchana na usiku pamoja na vumbi na unyevu. Feni kubwa zaidi ina maana ya chumvi nyingi zaidi.

Ongeza umeme. Nyumba zetu zinatumia volti 230. Japani ni volti 100, Marekani ni 120. Mashine nyingi zinazokuja zimetumika huko. Xbox 360 na Wii zilizouzwa Marekani zilikuja na adapta za volti za kwao. Ukiichomeka hapa bila kubadilisha, usilaumu mtu. Kwa upande huu mashine mpya zimetuonea huruma: PS4 na PS5 zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240. Lakini volti 240 si ngao dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo, na sehemu ya umeme ya mashine hizi imo tumboni. Adapta ya nje ya PS2 nyembamba ilikufa peke yake, kama fyuzi. Ya ndani ikilipuka inaweza kuondoka na jirani zake.

Na kuna tundu la HDMI. Kwenye mashine hizi za kisasa tundu hilo limeungwa kwa lehemu juu ya bodi kuu. Mtoto mmoja akijikwaa kwenye waya, kifaa cha bei ya soda kinakuhitaji uvunje mashine nzima. Kwa sebule ya familia moja haina shida. Kwa kibanda chenye watoto kumi na wawili wanaosukumana, ni suala la lini tu.

Ng'ambo ya maji kutoka Masoko ndipo kilipo Kisiwani, na majengo ambayo UNESCO iliyaorodhesha kama urithi wa dunia mwaka 1981. Nimekulia nikiyatazama bila kuyafikiria. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vilivyopatikana palepale ufukweni. Ukuta ukimeguka, fundi wa palepale alichoma chokaa akauziba. Naamini hiyo ni sehemu kubwa ya sababu kwamba Ibn Battuta aliyepita Kilwa mwaka 1331 na mtalii aliyeshuka kwenye boti juzi wote wamekuta kitu cha kutazama. Nazungumzia akili ya kujenga tu: mjenzi alijua chumvi ipo, akajua kitabomoka, akahakikisha wa kukitengeneza yupo.

Nasikia unanipinga

Rafiki yangu mmoja wa uhandisi aliisoma rasimu hii akasema, "Wewe unamsifia babu kwa sababu PS2 zilizokufa huzioni." Ana hoja. Tunaziona mbili zilizopona, hatuoni ngapi zilitupwa. Tena ile droo ni makaburi. Kila jicho mle limetoka kwenye maiti. Nakubali. Sisemi PS2 haifi. Nasema ikifa inaacha mirathi, na jirani anaweza kuitumia.

Hoja ya pili: "Basi turudi mwaka 2000?" Hapana. Watoto wanataka mpira wa sasa, na hata babu anajua hilo. Jicho la mashine yake moja lilipokufa kabisa alitumia kadi ya kumbukumbu iliyowekwa programu na kuchezesha gemu kutoka kwenye fleshi, pamoja na jezi za Simba na Yanga zilizopachikwa na vijana wenyewe. Hapo kuna suala la hakimiliki na sitalifunika: gemu lililonakiliwa ni kazi ya mtu. Lakini tujiulize pia kwa nini njia halali inatuhitaji intaneti ya kasi, akaunti ya nchi nyingine na kadi ya benki, na njia ya mtaani inahitaji fleshi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: "Kampuni hazitubadilikii sisi soko dogo." Kweli. Ila hata masoko makubwa yanahangaika. Aprili 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliyaonya makampuni kadhaa, Sony, Microsoft na Nintendo yakiwemo, kuhusu masharti ya kuwaambia wateja kwamba wakitoa kibandiko au kutengeneza kwa fundi mwingine dhamana imekufa. Mwaka 2023 California ilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vifaa vya umeme, ikaanza kazi Julai 2024. Simu zimo, kompyuta zimo, mashine za gemu zikaachwa nje. Kama California, nyumbani kwa viwanda vya gemu, haijapata hiyo haki, sisi tusisubiri huruma. Silaha yetu ni moja: tunanunua nini na tunaitunzaje.

Basi tufanyeje

Kwa serikali ya wanafunzi: msinunue mashine mbili za aina mbili ili kuridhisha mashabiki wa pande zote. Nunueni mbili za aina moja, ile ambayo mafundi wa mji huu wameizoea, ili moja ikifa iwe dawa ya mwenzake. Stabilaiza inunuliwe kabla ya mashine na isiwe ya mwishoni hela ikibaki. Kwenye tundu la HDMI chomekeni kipande kifupi cha kuunganishia na kukaza kwenye meza, ili wanaojikwaa wavute kipande na si bodi. Tafuteni pedi zenye vijiti vya sumaku pale zinapopatikana kwa mashine hiyo. Mashine isikae sakafuni wala ndani ya kabati lililofungwa, na kila muhula ifunguliwe isafishwe. Mle ukumbini tuna wanafunzi wa umeme na elektroniki. Wapeni kazi hiyo na posho kidogo, wataipenda kuliko mafunzo mengi ya vitendo ya kwenda kuchemsha chai ofisini.

Kwa wenzangu wa uhandisi wanaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho: kifaa cha bei nafuu kinachochelewesha umeme kuingia kwenye mashine mpaka utulie. Wanaouza cha friji wapo. Chenu kitengenezeni kwa ajili ya kibanda, chenye kuvumilia chumvi, na kila kipande kiwe kinapatikana Kariakoo. Mkikipeleka Lindi, Mchinga, Kivinje na Masoko, wateja wapo.

Na kwa wewe mwenye mchongo kama wangu: kabla hujatoa bumu, piga simu nyumbani. Usimwulize dogo anataka mashine gani, maana unajua atakachosema. Mwombe aende kwa fundi wa pale na picha ya hiyo mashine, amwulize mambo matatu: unaweza kuifungua? vipuri vyake unavyo au unajua pa kuvipata bila kupanda basi? na bila intaneti wiki mbili itacheza? Majibu yakiwa "sina, sina, sijui", hela yako iache benki.

Mashine yangu bado ipo Masoko. Mama ameitandika kitambaa na kuweka redio juu yake, na wageni wakiuliza anasema ni ya mwanangu wa chuo. Sijui kama ananisifu au ananisuta, na sijathubutu kuuliza.

Dogo hakwenda kwenye mashua. Siku hizi anashinda kwa babu, ambaye macho yamepungua nguvu na hawezi tena kuona skrubu ndogo. Juzi alinipigia usiku, sauti ya watoto nyuma yake, akaniambia amebadilisha kijiti cha pedi mwenyewe na babu amempa elfu mbili. Halafu akaniuliza kama huku Dar naweza kumtafutia bisibisi za aina zote, hata zile za ajabu za ile mashine yetu. Nimeziona Kariakoo, seti nzima kwenye kiboksi. Bumu lijalo, hizo ndizo nitakazomtumia.